Miti Mbili ya Kipoyi

Kwetu Butembo kwa mulima, mvua ikinyesha, taxi-moto haipandake. Chauffeur anakushusha kwa daraja, anasema, "Koko," vile banaitaka nyanya, "hapa njo mwisho," na wewe unapanda na miguu, kifurushi kwa kichwa. Mugonjwa, yeye, anashukaka kwa mabega ya batu. Avenue yetu yote iko na kipoyi moja: kiti ya kamba, miti mbili ndefu ya mianzi, na banaume bane chini yake, benye banabadilishana njiani.

Ile miti mbili inakaaka kwa Baba Lusenge. Yeye njo aliikata zamani, bibi yake angali muzima, akaiweka juu ya moto ya jikoni miaka mbili, paka ikawa rangi ya chai bila maziwa. Ukiigonga na kidole inajibu ngo, ngo. Dudu haiingie. Pale mabega inapitaka, miti inangaa, juu baba zetu bamepita pale, na sasa batoto yetu. Sheria iko moja tu: mutu hagusake ile miti juu ya kitu ingine. Hata kuanika nguo. Hata kuangusha avoka. Mimi nilijua ile sheria kupita batu mingi, juu bwana yangu alishukia pale akingali anapumua, na akarudia pale akiwa amefunikwa.

Mimi njo niliichukua.

Ilikuwa juu ya Apollinaire. Apollinaire ni mutoto ya shirika yetu ya kanisa. Nilimuona akikimbia bila suruali, akiiba miwa yangu, na ile mwaka baliitika kumupa upadri, kule Beni, pamoja na benzake. Kila shirika iliombwa kuleta banderole mbili ya kusimama, metre ine ya urefu, ya kupanda kando ya njia kwenye bapadri bapya batapitia. Hapana ile ya kulala yenye banafungaka katikati ya nguzo mbili wakati ya kampeni. Ya kusimama: muti moja, kitambaa moja, inashuka kama kanzu.

Mujukuu yangu Falonne, mwenye anashonaka kwa machine pale kwa veranda yetu, alipewa kazi ya kitambaa. Mimi nikapewa kazi ya miti.

—Miti tumupe Koko Maliro, bamama balisema. Kama kuko mutu anajua muti, ni yeye. Umeona siku gani maharagi yake ikianguka?

Ni kweli. Ile maharagi ya kupanda juu, nimeilima tangu niliacha masomo mwaka ya tatu. Ninajua muti gani inakamata, gani inateleza, gani inaoza ndani ya udongo mbele ya mavuno. Mais nikisema kama nilikubali tu juu ya kusaidia, nitakuwa nadanganya. Nilifurahi kupita kipimo. Nilirudi kwa nyumba nikitembea kama mutu amewekewa kiti ya mbele.

Nikaanza na eucalyptus, juu iko karibu. Nilichagua changa, yenye kunyooka. Kuinua tu, mikono ikatetemeka. Eucalyptus mubichi ni maji, na ukitoa ngozi yake inateleza kama samaki. Nikaacha. Nikajaribu matete. Nyepesi, ndiyo, mais Falonne kufunga kitambaa ya kujaribia, upepo ya saa munane ikakuja, na tete ikalia ka! mbele nimalize kusema "muzuri".

Yassini alikuwa anapita. Ni Muislamu wa pale chini kwa soko, gari yake kubwa inapelekaka bitu na batu Beni, na njo yeye alipashwa kutubeba. Akatupatia tuyau ya plastiki, bomba ndefu. Tukaisimamisha na kitambaa. Ikainama pole pole, pole pole, paka kichwa ikagusa majani.

—Koko, hii haiko banderole, Falonne akasema. Huyu ni mutu anasujudu.

Yassini akacheka paka akashika mbavu. —Basi ni ya kwetu, hapana ya kwenu! Muirudishe.

Tuyau ya chuma ilisimama muzuri, mais iliomba banaume babili ya kuibeba, na sisi tulikuwa bamama tu. Mianzi mubichi nayo nilikata kule bondeni. Siku ya tatu ikapasuka katikati ya mafundo, mupasuko ya kuingiza kidole.

Ikabaki siku mbili. Bamama banaanza kuuliza, "Koko, miti?" na mimi najibu, "Iko." Haikukuwa. Muti yenye nilitaka ilikuwa ndani ya kichwa yangu tangu mwanzo: mianzi ya kukauka kwa moshi, nyepesi, ngumu, yenye inapinda kidogo na inarudi.

Baba Lusenge alikuwa ameenda Lubero kwa kilio ya shemeji yake. Jikoni yake inafungwaka na kamba ya mugomba tu. Namba yake nilikuwa nayo kwa simu. Sikumupigia, juu nilijua atasema nini.

Na nilijua kitu ingine. Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa Bénie, bibi ya Josaphat. Josaphat alikuwa Kamango kununua kakao, na Bénie alibaki na mimba kubwa, ya kwanza. Kule dispensaire balimuambia bado wiki mbili. Mimi mwenyewe nilimugusa tumbo nikasema ndiyo, wiki mbili. Donc nikapima: kwenda siku ya tano ya wiki, misa kesho yake, siku ya posho, kurudi siku ya Mungu. Siku tatu. Mutu gani atashindwa kungojea siku tatu?

Siku ya tano asubui, batu banaenda kwa mashamba, nikafungua ile kamba ya mugomba. Kiti ya kipoyi niliiacha imetundikwa kwa ukuta. Miti nikaifunika na bikwembe bya zamani, nikaiweka kwa bega. Nilipita mbele ya mulango ya Bénie. Mulango ilikuwa nusu wazi, na ndani giza. Sikusalimia. Tangu aolewe pale, ile ilikuwa mara ya kwanza ninapita bila kusalimia.

Nyuma ya nyumba yangu nikamaliza kazi. Kwa ncha, muti inapashwa kuwa na tundu ya kupitisha kamba; bila ile tundu kitambaa inateleza na kushuka. Nikaweka rayon, ile waya ya gurudumu ya velo, ndani ya makaa paka ikawa nyekundu, nikatoboa na kupanua paka kidole ikaingia. Mianzi ikatoa moshi kidogo, na harufu yake ilikuwa harufu ya ile jikoni, ya bibi ya Lusenge, mwenye alinipikia siku nane nzima wakati nilifiwa. Mukono ikasimama kidogo. Kisha nikatoboa ya pili.

Kwa parking, Yassini mwenyewe alipandisha miti juu ya gari. Kikwembe moja ikafunguka. Akapitisha kiganja pale fasi inangaa.

—Mama Maliro.

—Sema.

—Hapa mabega imepita.

—Ni miti ya zamani tu.

—Ni ya kipoyi, mama.

—Hapana. Ni yangu. Bwana yangu aliniachia.

Nilimutaja marehemu, pale mbele ya batu, ndani ya uongo. Yassini hakubishana. Akakaza kamba mara tatu, akasema bila kuniangalia:

—Kwetu, jeneza ya musikiti hatubebee hata mukeka. Mais kama ni yako, ni yako.

Njiani bamama baliimba. Kwa barrière moja mbele ya Kabasha, soldat akauliza ile miti ndefu vile ni ya nini.

—Ya banderole! bamama bakajibu pamoja.

—Banderole ya nani?

—Ya Apollinaire!

—Apollinaire ni candidat?

—Ndiyo! Candidat ya Mungu!

Soldat akacheka, akateremusha kamba. Gari yote ikacheka. Mimi pia nilicheka, na juu ya vichwa yetu nikasikia muti moja inagonga ingine, ngo, ngo.

Beni kuko joto, na upepo yake inakuja bila hodi. Bamama ba Mulekera, mutaa ya pale, balitupokea na ndizi ya kuchoma, bakatuonyesha fasi yetu kando ya njia. Mashirika ingine ilichimba kidogo tu, kama mutu anapanda vitunguu. Mimi nilipima kutoka kiwiko paka ncha ya kidole, mara mbili. Chini nikaweka jiwe ya kulala juu muti isizame. Kando nikapiga jiwe, udongo, jiwe, udongo, paka muti ikasimama yenyewe bila kushikwa. Juu tukafunga na kamba kupitia ile tundu. Chini sikukaza na kamba, nilifunga na chambre à air, mpira ya ndani ya gurudumu. Upepo ikikuja, mpira inavutika, kitambaa inapumua, kisha inarudi. Ukikaza juu na chini, upepo itatafuta kitu ya kuvunja, na itavunja muti.

—Koko, ulisomea wapi hii? mama moja akaniuliza.

—Kwa maharagi, nilimujibu, na nikasikia utamu ya kujibu vile.

Siku ya posho asubui, uwanja ilikuwa imejaa kabisa. Bapadri bapya bangali kwa mulango, bado hawajaanza kutembea, mawingu ikakusanyika na upepo ikashuka. Banderole ya kwanza ya upande ya kushoto ikaanguka juu ya bapiga tarumbeta ba fanfare. Ya pili ikavunjika katikati, ikabaki inaning'inia kama shingo ya kuku. Kuko shirika yenye ilileta eucalyptus, muti ikazunguka ndani ya shimo, na jina ya padri yao ikaangalia ukuta. Batu balicheka, hata baaskari. Yetu mbili ilipinda, ikapumua, ikarudi. Ikapinda, ikarudi.

Padri mwenye alikuwa na micro akasema: —Ile shirika ya Butembo, pale! Nani alibachagulia miti?

Bamama bakanisukuma. —Simama, Koko, simama!

Nikasimama. Nikavuta kikwembe yangu muzuri, nikasimama, na batu benye sijui hata moja bakanipigia makofi. Apollinaire kule kwa mulango aliinua mukono, akanionyesha kwa benzake. Miaka yangu yote mutu hajanipigia makofi vile.

Simu ikalia ndani ya fundo ya kikwembe. Ilikuwa Falonne, mwenye alibaki kwa nyumba.

—Koko! Unanisikia?

—Ninasikia. Sema mbio, tuko kwa misa.

—Bénie ameshikwa! Maji imemwagika, na kuko damu, Koko, damu mingi. Huku mvua inanyesha, taxi-moto yote imekataa. Tumeenda kwa Baba Lusenge, kiti ya kipoyi iko, miti haiko!

Nikaangalia ile miti mbili.

—Koko? Bénie anasema nikuulize wewe. Anasema tu vile: "Muulize Koko, Koko anajua."

Mama moja alikuwa amenishika bega, anacheka, ananionyesha kwa mama mwingine: njo huyu, njo huyu. Nikageuza uso.

—Sijui, nilisema.

—Unasema?

—Sijui, Falonne. Mutafute kwa bajirani. Labda mutu aliazima.

Njo vile nilisema, na hapana ingine. Kama ningesema "iko hapa Beni," bangekata miti ingine ile saa ile. Juu ya "mutafute" yangu, banaume batano balizunguka nyumba kwa nyumba ndani ya mvua, saa moja nzima, banaangalia nyuma ya kuni na chini ya bitanda, banatafuta miti yenye mimi nilikuwa naiangalia na macho, imesimama, nyeupe na bluu, na jina ya Apollinaire.

Unité ya kupiga kwa simu nilikuwa nayo. Niliweka kidole juu ya bouton. Padri akasema, tuimbe. Nikaimba.

Nyuma ya misa nilipiga mara sita. Réseau ya kwetu ilikuwa imekatika na mvua.

Siku ya Mungu tukarudi. Yassini aliniweka mbele kando yake, juu ya umri yangu. Tulipita Kabasha, tulipita Maboya. Kisha akauliza:

—Bibi ya Josaphat, mulikuwa bajirani?

—Ndiyo.

—Balinipigia. Eko hôpital. Mungu amusaidie.

Kwa daraja alishusha miti yeye mwenyewe, akailaza juu ya majani, na akapangusa matope pale fasi ya mabega na mukono ya shati yake. Akasema pole pole, bamama bengine basisikie:

—Mimi sikusema kitu na sitasema, mama. Mais hapana kunipa tena kitu ya kubeba.

Nikapanda mulima na miti kwa bega. Batu mingi balikuwa bameshuka kuona mugonjwa. Nikaingia jikoni ya Baba Lusenge, nikarudisha miti kwa fasi yake, nikafunga kamba ya mugomba na fundo yake ileile. Mwizi mwenye anarudisha anafikiri hajaiba.

Falonne njo alinielezea, magaribi, akitengeneza maharagi, bila kuinua kichwa. Balikata eucalyptus mubichi kwa shamba ya Josaphat. Balitoa ngozi juu isikwaruze mabega. Pale kwa kona ya chini, fasi ya mawe, muti iliteleza kwa bega ya mumoja, na Bénie akaanguka na ubavu. Mutoto alizaliwa palepale njiani, chini ya majani ya mugomba yenye bamama balishika juu yake. Alilia. Ni mwanaume. Mais damu ya mama haikusimama, na kule hôpital daktari alimupasua, akatoa nyumba ya mutoto. Bénie eko na miaka makumi mbili na mbili. Hatazaa tena.

—Bamemupa jina gani? niliuliza, juu nilitaka kuuliza kitu.

—Musafiri, Falonne akasema. Juu alizaliwa njiani.

Nani alimuweka njiani, hakusema.

Baba Lusenge alirudi kutoka Lubero. Siku ya Mungu ingine, nyuma ya misa, akaitisha kikao ya kipoyi mbele ya nyumba yake, na akalaza ile miti mbili katikati yetu. Ni muzee, macho imeanza kufifia, mais vidole yake inaona. Akapitisha mukono juu ya muti moja, kutoka mukia paka kichwa, na kwa kichwa kidole yake ikaingia ndani ya tundu. Ikakaa pale. Akachukua ya pili. Kidole ikaingia tena.

—Hii miti ilitoka nzima, imerudi na macho, alisema. Nauliza mara moja tu. Nani?

Kuku ilikuwa inaparua. Nikaangalia kuku. Falonne alikuwa upande ingine na bamama bengine. Yeye njo alishona mufuko ya kuingiza muti kwa ile banderole. Tundu iko kipimo gani kutoka ncha, anajua kupita mutu yote, juu mimi njo nilimupa kipimo. Nikaona anaangalia tundu. Nikaona anajua. Kisha akaniangalia mimi, hapana na hasira, kama vile mutu anangojea.

Nikarudisha macho kwa kuku.

—Bon, Baba Lusenge akasema. Mwenye alifanya anajua. Muende muzuri.

Tangu ile siku Falonne aliacha kuniita Koko. Aliniita "mama", vile anaitaka bamama benye banaleta nguo ya kushona. "Mama, chakula iko tayari." "Mama, maji ya kuoga." Alinipikia muzuri, hakunikosea heshima hata mara moja. Ningependa anitukane.

Bénie alirudi wiki ya ine. Josaphat alimupandisha na mukono, hatua moja, mapumziko, hatua moja. Nilingojea siku tatu, kisha nikabeba kuku na unga ya muhogo, nikaenda. Alikuwa amekaa kwa kitanda, mutoto kwa ziwa, ananyonya. Alikuwa amekonda paka pete yake aliifunga na uzi.

—Karibu, Koko, alisema. Kaa. Josaphat, mupe Koko kiti.

Josaphat akanipa kiti, akatoka kuchinja kuku. Nilikaa. Nikasema:

—Bénie, ile miti...

—Nilikuona, Koko.

—Uliona nini?

—Ile siku ya tano. Nilikuwa nyuma ya mulango, ninachagua mchele. Nikaona unapita nayo. Kikwembe ilikuwa fupi, mukia ya miti ilikuwa inje. Nikafikiri, leo Koko hajanisalimia, labda eko na haraka.

Mutoto akaacha ziwa, Bénie akamurudisha.

—Njo maana nilimuambia Falonne akupigie, akasema. Balikuwa banapiga makelele, ati muizi, ati batu ba avenue ya chini. Nikasema, hapana, muulize Koko, Koko atasema iko wapi, na bataacha kutafuta.

—Na wakati nilisema sijui, juu ya nini hukubaambia?

Alifikiri. Hakuwa anatafuta maneno ya kunichoma, ningeona.

—Falonne alisema: "Koko hajui." Ilikuwa mbele ya batu yote. Nikasikia haya pa fasi yako. Kisha maumivu ikanikamata, na sikuweza tena kusema.

Mungu, Nyamuhanga wangu. Mutoto ya batu, damu inamutoka, na alikuwa angali anafunika uso yangu.

Nilianguka chini na magoti. Alisema, "Inuka, Koko, Josaphat ataingia." Hata pale, njo ile aliwaza. Sikuinuka. Josaphat aliingia na kisu na kuku mukononi, akanikuta chini, na mimi nikamuambia yeye pia, yote, miti, Beni, simu, makofi. Alisimama. Damu ya kuku ilikuwa inadondoka kwa udongo. Kisha alitoka tena inje na sikumusikia kurudi.

Siku ya Mungu nilimuomba Baba Lusenge aitishe kikao. Akaitisha. Nikasimama katikati, fasi ileile ya miti, nikasema. Sikusema kama mutu anaungama kwa padri, na sauti ya chini. Nilisema kwa nguvu juu hata bale ba nyuma basikie. Nilifika pale kwa "sijui" na sauti ikakatika. Nikaanza tena, nikaisema: "Nilisema sijui, na nilikuwa naiangalia."

Kelele ikainuka. Mama moja akasema: "Na makofi ulikubali!" Mwanaume mwingine, mumoja wa bale batano, akasema: "Nilitafuta hata ndani ya choo, Koko. Ndani ya choo!" Batu bakacheka, mais haikukuwa kicheko. Kijana mumoja akauliza, na aliuliza kweli, kama vile sheria inauliza: "Basi huyu, siku yake ikifika, nani atamubeba?"

Njo pale niliogopa. Mimi ni muzee. Ile siku haiko mbali.

Baba Lusenge aliinua mukono.

—Kipoyi haikatalake mutu, alisema. Tutamubeba. Hata kama ni kesho.

Ningependa bangekataa.

Kisha akanigeukia. —Maliro, Beni balisema wewe njo unajua kuchagua miti.

Hapana mutu alicheka.

—Basi chagua.

Kesho yake nilishuka bondeni peke yangu na panga. Falonne alitaka kunifuata, nikakataa. Nilizunguka ndani ya mianzi paka saa sita. Sikutafuta ya kunyooka tu. Niligonga kila moja, nikapima fundo paka fundo, nikaangalia yenye imemaliza miaka ine, yenye ngozi imeanza madoa nyeupe. Nikakata mbili. Nikaivuta paka juu, moja, nikarudi, ya pili. Batu balinipita kwa njia. Benye balisalimia balisalimia, benye hawakusalimia nilielewa.

Sasa iko juu ya moto ya jikoni yangu. Miaka mbili, kama ile ya Lusenge. Miezi ya kwanza ilikuwa inatoa maji, tone kwa tone, ndani ya sufuria yangu na juu ya kichwa yangu, na sikusogeza kiti. Ile ya zamani Baba Lusenge aliifunga na waya pale kwa tundu, na bangali banashusha nayo bagonjwa. Nikisikia miguu ya banaume kwa njia, ninatoka na panga, ninatangulia kukata majani na kusogeza majiwe, paka kwa daraja. Hapana mutu aliniomba. Hapana mutu alinikataza.

Banderole mbili Falonne aliipasua. Alitoa nguo ya mutoto ndani, akaipeleka yeye mwenyewe kwa Bénie. Juzi juzi, akishona, alisahau, akasema, "Koko, niletee makasi." Machine ikasimama. Nikamupa makasi na nikarudi kwa moto, juu kusema kitu kungeharibu.

Bénie anakujaka kuomba moto asubui, Musafiri kwa mugongo. Mutoto amejifunza kutembea, anashuka, anakuja chini ya miti, anainua mikono kuigusa, na haifikie. Bénie anaangalia juu.

—Bado, Koko?

Ninachukua kijiti, ninagonga ya kwanza, ninagonga ya pili. Sauti inatoka nzito, kama mulango ya mbao yenye imelowa.

—Bado, ninamujibu.

Anachukua makaa yake, anamubeba mutoto, anaenda. Mimi ninaongeza kuni.